Kovu la Zamani na Vinundu vya Leo

Nawasalimu nyote mnaotusikiliza: mlio Bagamoyo mjini, Dunda na Magomeni, mlio Kaole na Mlingotini, mlio Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga, na ninyi wa ng'ambo ya Wami mpaka Saadani. Kama mko shambani Kiwangwa mnavuna mananasi, au mko ufukweni mnashona nyavu, isogezeni redio karibu kidogo, maana mazungumzo ya leo yanamhusu kila mwenye kovu mwilini. Na nani kati yetu hana kovu?

Nianze na jambo linalotokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mtu anakwenda hospitali kwa tatizo dogo. Anapimwa altrasaundi, au anapelekwa kwenye siti-skani, na picha inaonyesha vinundu. Si kimoja, ni vingi. Kimoja kimekaa juu ya ini, kingine pembeni ya figo, vingine vimetawanyika huku na huku tumboni. Daktari hajamaliza hata kueleza, ndugu aliyemsindikiza mgonjwa ameshatoka nje na simu sikioni: "Jamani, wamesema ni kansa, na imeshasambaa." Jioni hiyohiyo habari imefika Tanga, imefika Unguja. Baada ya siku chache mgonjwa amerudishwa nyumbani. Dawa hana. Jina la ugonjwa wake hana. Watu wanaingia na kutoka chumbani kwake kwa sauti za chini kana kwamba wanamuaga.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: je, vinundu vingi vinavyoonekana kwenye picha ni lazima viwe saratani iliyosambaa?

Jibu ni hapana. Nalirudia kwa ajili ya aliyekuwa jikoni: hapana. Daktari anapoviona ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu mara nyingi wasiwasi huo huwa ni wa kweli. Lakini ziko nyama zinazoota mwilini ambazo si saratani, haziui, na kwenye picha zinafanana na saratani iliyotawanyika kiasi cha kumchanganya hata mtaalamu. Na kitu kinachosaidia sana kuzitambua ni habari ambayo mgonjwa mwenyewe anayo, na mara nyingi haisemi. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Tuanze na bandama, ambayo wengine huiita wengu. Weka kiganja chako ubavu wa kushoto, pale mbavu za chini zinapoishia. Huko ndani, nyuma ya mbavu hizo, ndiko bandama iliko. Kwa mtu mzima mwenye afya ina ukubwa wa ngumi, na uzito wake ni kama gramu 150. Kazi yake ni kuisafisha damu: inaziondoa chembe nyekundu zilizochakaa na kuvikamata vijidudu vilivyojipenyeza.

Sisi watu wa pwani tunaijua bandama kwa sababu tunaijua malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, bandama yake huvimba, ikashuka chini ya mbavu, ukaigusa kwa vidole. Zamani wataalamu walipotaka kujua kijiji fulani kimeelemewa na malaria kiasi gani, waliwapanga watoto mstari, wakawapapasa matumbo na kuwahesabu wenye bandama iliyovimba. Wazee wetu nao walikuwa na tiba yao ya chale. Mkimwona bibi au babu mwenye vialama vidogo vya wembe vilivyopangwa ubavuni kushoto, mwulizeni kwa adabu. Huenda akawaambia alichanjwa bandama alipokuwa mtoto. Siku hizi mambo yamebadilika: kuna vyandarua, kuna dawa mseto, na kuna chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo ilifanyiwa majaribio pia hapahapa Bagamoyo kupitia kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walikulia katika enzi nyingine, na miili yao inazo kumbukumbu za enzi hiyo.

Bandama ni laini na imejaa damu. Ikivimba inakuwa rahisi zaidi kupasuka, ingawa hata isiyovimba hupasuka ikipata kishindo kikubwa. Ni vishindo gani hivyo? Tazameni maisha yetu. Mkwezi anateleza kwenye mnazi ulioloa. Bodaboda inagongana na lori kwenye barabara ya Msata. Kijana anapigwa goti la ubavu kwenye mpira wa ndondo. Baharia anachapwa na foromali upepo ulipogeuka ghafla. Na liko jingine, ambalo nalisema wazi kwa sababu lipo majumbani mwetu: mwanamke anapigwa teke na mume wake. Hili nitalirudia baadaye, msiondoke.

Bandama ikipasuka, damu inamwagika tumboni na mtu anaweza kufa kwa saa chache. Kwa hiyo anakimbizwa hospitali, anaongezewa damu, anapasuliwa, na mara nyingi bandama inaondolewa. Mungu akijalia anapona, kovu linakauka, anarudi kwenye minazi yake. Miaka inapita. Yeye anaamini bandama haipo tena. Ndugu zake nao wanaamini hivyo.

Lakini je, imekwisha kweli?

Siku ile bandama ilipopasuka, vipande vyake vidogo vilitawanyika pamoja na damu. Huwezi kuviokota vyote, hata uwe daktari bingwa wa upasuaji. Sasa kila kipande kinafanya kama pingili la muhogo: ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu, linashika. Kinajibandika kwenye utando wa tumbo, au juu ya utumbo, au kwenye ngozi ya ini, na mishipa midogo ya damu ya jirani inaanza kukilisha. Kinaota taratibu na kuwa kinundu cha nyama halisi ya bandama, chenye kufanya kazi ya bandama. Vinaweza kuwa viwili, vinaweza kuwa makumi. Vingi havizidi sentimita 3. Na kama siku ya ajali kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua nacho kilichanika, vipande hupenya mpaka kifuani, vikaota kando ya pafu la kushoto.

Madaktari wanakiita kitu hiki splenosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1939 na Buchbinder na Lipkoff, madaktari wa Marekani. Na wala si ajabu ya mara moja katika miaka mia. Makadirio ya kitabibu yanasema huenda ikatokea kwa watu wengi kiasi cha theluthi mbili ya wale ambao bandama zao zilipasuka. Walio wengi hawajui kamwe, kwa sababu vinundu hivyo haviumi. Vinakaa kimya miaka 10, miaka 20, hata 30, mpaka siku mtu anapopigwa picha kwa sababu nyingine kabisa.

Hebu tutoe mfano. Huyu ni mtu wa mfano tu, msianze kumtafuta Kaole. Tuseme babu mmoja aliyekuwa mkwezi sasa ana miaka 63. Anaamka usiku mara nne kwenda kukojoa, kwa hiyo anakwenda kupimwa tezi dume. Altrasaundi inaona tezi imekua kidogo, lakini inaona pia vinundu upande wa kushoto wa tumbo. Anapewa rufaa. Siti-skani inaviona vingine juu ya ini. Sasa kuna mzee mwenye tezi dume iliyokua, na kuna vinundu vimetawanyika. Akili ya kila mtu itaelekea wapi? Itaelekea kwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa.

Daktari anamwuliza, "Mzee, una ugonjwa wowote wa siku nyingi? Sukari? Presha?" Babu anajibu, "Hapana, mwanangu, mimi mzima." Hajasema uongo. Hakuulizwa habari ya mnazi alioanguka akiwa na miaka 31. Yeye mwenyewe haoni anguko hilo lina uhusiano gani na mkojo. Na chini ya shati lake, kuanzia chembe ya moyo mpaka kupita kitovu, limelala kovu refu lenye vidoti vya nyuzi pande zote mbili, kovu ambalo lingejibu nusu ya swali lile kabla ya kipimo chochote kingine.

Mnaona, wasikilizaji? Kovu lile ni sehemu ya vipimo. Daktari akijua kwamba huyu mtu bandama yake ilipasuka na ikaondolewa, fikra zake zinafunguka. Anaweza kusema: ngoja kwanza, huenda hizi ni nyama za bandama. Na akishalifikiria hilo, njia za kuhakikisha zipo.

Njia ya kwanza haina gharama kubwa, nami naipenda kwa sababu inatumia kifaa ambacho maabara zetu zinakitumia kila siku kutafutia malaria, yaani hadubini. Bandama inapofanya kazi, huondoa vijidoa vidogo vinavyobaki ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtu asiye na bandama kabisa, vijidoa hivyo huonekana kwenye damu yake. Basi kama mtu aliondolewa bandama miaka mingi iliyopita, na tone la damu yake kwenye kioo halina vijidoa hivyo, hiyo ni dalili kwamba mahali fulani mwilini mwake ipo nyama ya bandama inayofanya kazi. Ni dalili tu, haitoshi peke yake, lakini inamwelekeza daktari.

Njia ya pili ni ya hospitali kubwa zenye tiba ya nyuklia. Wanachukua damu kidogo ya mgonjwa, wanazipasha chembe nyekundu joto la karibu nyuzi 50 ili zidhoofike, wanazitia alama ya mionzi hafifu, kisha wanazirudisha mwilini. Bandama, kokote iliko, kazi yake ni kuzikamata chembe dhaifu. Kwa hiyo chembe zile zinakimbilia kwenye vinundu, na kamera inaviona viking'aa. Vinundu vya saratani havifanyi hivyo. Mtu aliyeingia mle ndani akihofia saratani iliyosambaa anatoka akiwa na jibu, bila kupasuliwa.

Hapa nataka kusema neno kuhusu kile tunachokiita kuchukua kinyama. Mara nyingi tunawahimiza watu wakubali kinyama kikatwe kikapimwe, na ni sahihi kabisa: kwa uvimbe mwingi hakuna njia ya uhakika zaidi ya kulijua jina la ugonjwa. Lakini nyama ya bandama ina damu nyingi, na ukiichoma sindano inaweza kuvuja. Ndiyo maana historia ya mgonjwa ina thamani kubwa. Inamsaidia daktari kuchagua aanze na kipimo kipi.

Na tiba yake je? Kwa kawaida hakuna tiba, kwa sababu hakuna ugonjwa. Vinundu vya bandama visivyoleta maumivu, visivyobana utumbo wala kuvuja damu, vinaachwa vilipo. Babu wetu wa mfano angetibiwa tezi yake, akarudi Kaole.

Akina mama, sijawasahau. Na ninyi yapo yenu.

Mnaujua uvimbe wa kizazi, ule tunaouita faibroidi. Wanawake wa asili ya Afrika wanaupata zaidi, na karibu kila ukoo una aliyefanyiwa upasuaji wake. Uvimbe huo si saratani. Lakini mara chache sana hutokea hivi: mwanamke aliondolewa faibroidi, au aliondolewa kizazi chote, miaka ikapita, kisha akapigwa picha ya kifua, labda kwa ajili ya kazi au safari ya Hija, na mapafu yakaonekana yana vinundu vya mviringo. Kikichukuliwa kinyama kikapimwa, inaonekana ni nyama ileile ya faibroidi, tulivu, isiyo na tabia ya saratani. Daktari aitwaye Steiner aliieleza hali hii mwaka 1939, mwaka uleule ambao splenosisi ilipewa jina lake. Vinundu hivi mara nyingi hulishwa na homoni za kike, na kwa wengine husinyaa hedhi inapokoma. Hapa kinyama hakikwepeki, kwa sababu ipo pia saratani halisi inayotokana na misuli ya kizazi, na picha haiwezi kutofautisha. Lakini tena, daktari wa kifua atajuaje kuhusu kizazi chako usipomwambia?

Kuna na uvimbe unaoota kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua. Unakuwa mgumu, unauma, na ukichunguza vizuri unauma zaidi siku za hedhi. Mara nyingi hizo ni chembe za ukuta wa ndani wa mji wa mimba zilizopandikizwa pale kovuni wakati wa upasuaji. Mweleze daktari kwamba unauma kwa kufuata mwezi. Sentensi hiyo moja ina uzito.

Nimezungumzia nyama zinazoota. Lakini kwa Tanzania yetu nisipotaja kifua kikuu, yaani TB, na kichocho nitakuwa sijatenda haki, kwa sababu haya mawili huenda ndiyo yanayoigiza saratani mara nyingi zaidi hapa kwetu.

TB haikai kwenye mapafu peke yake. Ikiingia tumboni hujaza maji, ikatandaza vipele vidogo juu ya utando wa tumbo na utumbo. Kwa mwanamke, picha inafanana na saratani ya ovari iliyosambaa, na hata kile kipimo cha damu kinachotumika kufuatilia saratani hiyo hupanda. Sasa fikirini tofauti yake: moja ni ugonjwa mzito sana, na nyingine hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6, bila malipo, katika vituo vyetu vya serikali. Nchi yetu ina historia ya heshima katika jambo hili. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa ushirikiano na mtaalamu wa TB, Dakta Karel Styblo, ndio uliokuja kuwa kielelezo cha tiba ya TB duniani. Itakuwa huzuni kubwa iwapo mtu wa nchi hiyohiyo atalazwa nyumbani akisubiri kufa kwa saratani ambayo ni TB.

Na kichocho cha mkojo, wasikilizaji, ni ugonjwa wa ukanda wetu na wa visiwani. Mayai ya minyoo yakinasa kwenye ukuta wa kibofu huotesha vinyama vinavyofanana na uvimbe wa saratani. Yakinasa kwenye shingo ya kizazi huacha mabaka yanayofanana na chembe za mchanga, na mishipa ya pale huvuja damu ikiguswa. Muuguzi anayepima saratani ya shingo ya kizazi kwa kupaka siki anaweza kuyadhania ni saratani. Basi mama, ukienda kupimwa, sema: "Mimi nimekulia kando ya bwawa, utotoni nilikojoa damu." Usione haya. Lakini kwa kichocho nawaomba muwe waangalifu zaidi, kwa sababu kina pande mbili: kikikaa miaka mingi bila kutibiwa, chenyewe huweza kuleta saratani ya kibofu. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani wamekiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa.

Na hili linanipeleka kwenye hofu yangu kubwa kuhusu mazungumzo haya. Naogopa mtu atasikia nusu. Atatoka hapa akisema, "Redioni wamesema vinundu si kansa," kisha akae nyumbani. Tafadhali. Sijasema hivyo, na sitasema hivyo. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo imekuwa taasisi inayojitegemea tangu mwaka 1996, wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasogea mbali, hasa akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi, saratani ambayo ingeonekana mapema ingezuilika. Kuchelewa kunaua. Titi lenye kinundu, damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, kidonda kisichopona, kukonda bila sababu: nenda leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Ninachosema ni hiki: picha inaonyesha kwamba kitu kipo, kiko wapi, na kina ukubwa gani. Jina lake linatafutwa kwa kuunganisha picha, damu, kinyama panapohitajika, na maisha yako. Kwa hiyo ukiambiwa kuna vinundu, uliza kwa heshima: "Daktari, imethibitishwa kuwa ni saratani, au inadhaniwa? Kimebaki kipimo gani?" Ukiambiwa uende Tumbi Kibaha, au Muhimbili, au Ocean Road, nenda. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa jina ambalo halijathibitishwa, na usimrudishe mzazi wako.

Nilisema nitarudi kwa yule mama aliyepigwa teke. Tukae naye kidogo.

Kovu la mkwezi halina aibu. Mkwezi hulionyesha, husimulia mnazi ulikuwa mrefu kiasi gani. Lakini yule mama, siku alipofikishwa hospitali, huenda alisema ameanguka kisimani. Ameishi na maneno hayo miaka 20, watoto wake wamekua wakiyaamini. Leo yuko mbele ya daktari mwingine, ana vinundu tumboni, na aliyemsindikiza ni mume yuleyule, au mtoto wake mkubwa. Anaulizwa, "Uliwahi kuumia tumbo?" Atajibu nini?

Mama yangu, dada yangu, nisikilize. Una haki ya kumwambia daktari kwamba unataka kuzungumza naye peke yako. Sema tu, "Naomba ndugu yangu asubiri nje kidogo." Ukiwa naye mwambie: niliumia hapa, walinipasua, walitoa bandama. Kama hutaki kusema nani alikuumiza, kinundu hakihitaji jina la mtu; kinahitaji daktari ajue kwamba ubavu ule ulipata kishindo. Siri yako ya ndoa inaweza kubaki kwako mpaka utakapokuwa tayari. Habari ya bandama isibaki kwako.

Na ninyi madaktari, matabibu na wauguzi wetu, nawaomba kwa unyenyekevu, nikijua foleni zenu zilivyo ndefu: mwulizeni mgonjwa habari ya makovu yake. Mfunueni shati. Mtoeni ndugu nje kwa dakika mbili. Mama wa namna ile hawezi kuanzisha mazungumzo yale mwenyewe. Anahitaji mlango ufunguliwe na mwenye koti jeupe.

Halafu karatasi. Tuna tabia ya kuzitunza hati za viwanja ndani ya sanduku, zimefungwa kwa nailoni, lakini karatasi ya kuruhusiwa hospitali inafungiwa karanga. Ile karatasi imeandikwa ulifanyiwa upasuaji gani, kilitolewa nini, na kama kinyama kilipelekwa maabara, majibu yake yalisema nini. Itunze pamoja na hati ya kiwanja. Piga picha kwa simu, mtumie mwanao aliye Dar es Salaam naye aitunze. Kama umepasuliwa na hukupewa maelezo, rudi uyaombe. Na kama ilipotea zamani, kaa na mtu unayemwamini, akuandikie kwenye daftari lako la hospitali, ukurasa wa kwanza: mwaka, hospitali, nini kilitokea. Wengine mtakumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Andikeni hivyohivyo. Mwaka wa El Niño daktari anaujua, ni 1997 kuingia 1998.

La mwisho ni kwa wale mnaojua kwamba bandama zenu ziliondolewa. Hata kama vinundu vya bandama vimeota tumboni mwenu, msivitegemee kuwalinda; haijulikani vinatosha kiasi gani kwa mtu mmoja mmoja. Mtu asiye na bandama akishikwa na homa kali, hiyo ni dharura. Vijidudu ambavyo mwenzako anavishinda kwa siku mbili vinaweza kukulaza wewe mahututi kwa siku moja. Usimeze panado ukalala. Nenda kituoni usiku huohuo, na mlangoni sema, "Mimi sina bandama," ili wasikupange nyuma ya foleni. Waulize pia kuhusu chanjo za kukinga nimonia na homa ya uti wa mgongo. Na chandarua kisikose kitandani kwako, kwa sababu malaria nayo ni kali zaidi kwa mtu asiye na bandama.

Sasa tunafungua simu. Atakayependa kuuliza jambo la faragha asitaje jina lake hewani. Aseme tu anatoka wapi na aliumia mwaka gani.